Kwa nini mzee akianguka na pikipiki, mbavu humlaza wodini?

Waendesha bodaboda wawili, mmoja wa miaka 25, mwingine wa 65, wanateleza kwenye tope lile lile na kuangukia ubavu. Kijana anajipangusa, anainua pikipiki, anaondoka. Mzee naye anajikongoja hadi nyumbani. Siku ya tatu anafikishwa hospitali akihema. Kulikoni?

Ubavu wa kijana ni kama ufito mbichi: hupinda kabla ya kuvunjika. Umri ukisonga mfupa hupungua madini, gegedu la kifuani hukakamaa, na ufito unakuwa mkavu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichambua ajali za pikipiki za mwaka 2001 hadi 2008. Waligundua kuwa waendeshaji wa miaka 60 na zaidi walikuwa na uwezekano wa kulazwa kama mara 3 ya wale wa miaka 20 hadi 39. Pia waliumia mbavu na viungo vya ndani zaidi kuliko vijana hao.

Ubavu haufungwi plasta kama mguu. Huunga wenyewe, mara nyingi kwa wiki 6 hivi. Tatizo ni maumivu. Kila pumzi ndefu inachoma, basi mzee anavuta hewa kidogo kidogo na kukizuia kikohozi. Makohozi yanatuama sehemu ya chini ya mapafu, vijidudu vinazaliana humo, na kichomi kinaingia. Ndiyo maana daktari hukazania dawa za maumivu, tena za kutosha, kisha humtaka mgonjwa akae wima, avute pumzi ndefu na akohoe huku amekumbatia mto. Kuzungushia kifua bandeji, kama ilivyofanywa zamani, kunabana pumzi tu. Na ile huruma yetu ya "mwacheni alale apumzike" ndiyo inayomponza: misuli ya mzee hunyauka upesi kitandani, na kuirudisha ni kazi.

Kichwa nacho kina hila yake. Ubongo husinyaa kidogo uzeeni, na vijishipa vya damu vinavyouunganisha na utando wa juu hubaki vimevutika. Kikichanika kimoja, damu huvuja polepole, zaidi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wiki kadhaa baadaye mzee anaanza kusahau na kuyumba akitembea. Nyumbani wanasema ni uzee, na daktari asipoambiwa kuhusu ule mwereka wa mwezi uliopita, huenda naye akasema hivyo hivyo.