Programu ya kujaza vipimo vya picha: inafanya nini hasa?

Umepanda teksi ya abiria 14 pale Old Taxi Park, Kampala. Umekaa vizuri, mfuko uko mapajani. Mara anapanda mwingine na kuku wake, kondakta anapaza sauti: songeni! Safu nzima inahama. Ukurasa wa wavuti wenye picha zisizo na vipimo hufanya vivyo hivyo. Maandishi ni mepesi, kwa hiyo hutangulia. Picha ni nzito, hufika baadaye, na kwa kuwa kivinjari (programu ya kufungulia kurasa, kama Chrome au Firefox) hakikuiwekea nafasi, yote yaliyo chini yake husukumwa ili nayo ipate pa kukaa.

Hasara yake niliiona nilipomtengenezea dada mmoja wa Arua tovuti ya kuuza vitenge: kurasa 12, picha 140, kila picha na kitufe chake cha kuagiza. Mtandao ukisuasua, mteja analenga kitufe cha kitenge cha bluu, picha ya juu inaingia sekunde hiyohiyo, ukurasa unateremka, na kidole kinaangukia kitufe cha kitenge kilichokuwa juu yake. Dada akawa anapokea oda za vitenge ambavyo hakuna aliyevitaka, akadhani wateja wanamchezea. Kosa lilikuwa langu.

Vipimo vya picha ni namba mbili tu, upana na kimo, kwa pikseli, vile vinukta vidogo vinavyounda picha. Huandikwa ndani ya tagi ya picha, yaani alama inayoita picha kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa, hivi:

<img src="kitenge7.jpg" width="900" height="1200">

Kivinjari kikisoma mstari huu, hata kabla picha yenyewe haijaanza kuingia, kinajua uwiano wake ni 3 kwa 4. Kama simu ina nafasi ya upana wa pikseli 360, kinatenga kimo cha 480 na kuendelea kupanga maandishi chini yake. Picha ikija, inakuta kiti chake.

Desturi hii ni ya zamani, ila iliwahi kuachwa. Watu walipohamia kwenye simu, mafundi walianza kuagiza kwenye CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, kwamba picha ijibane ndani ya upana uliopo na kimo kijipange chenyewe. Vivinjari vya wakati huo, vikiona agizo hilo, havikutenga tena kimo chochote hadi picha ifike, kwa hiyo wengi wetu tukaona namba hazina kazi tukazifuta. Mwishoni mwa 2019 Firefox 71 na Chrome 79 zikaanza kuzitumia kukokotoa uwiano. Mwaka 2020 Google nayo ikaingiza CLS, yaani kiasi ambacho ukurasa unahamahama, kwenye vigezo vyake vya ubora wa kurasa: 0.1 au chini yake ni vizuri.

Lakini nani akae afungue picha 140 moja moja, asome vipimo, aviandike kwa mkono? Hapo ndipo programu ya mstari wa amri inapohitajika. Haina madirisha wala vitufe. Unaandika jina lake kwenye terminali, yaani sehemu ya kompyuta ya kuandikia amri, unaitajia folda yenye kurasa, unabonyeza Enter. Inapitia kila faili la HTML, inatafuta tagi za picha, inafuata jina la kila picha hadi ilipo, inachukua vipimo na kuviandika. Chai haijapoa, kazi imekwisha.

Kinachonipendeza mimi ni namna inavyozipata namba hizo, maana haihitaji kusoma picha nzima. Aina za faili za picha hutofautiana. Kwenye PNG upana unakaa baiti (chembe ndogo ya data) ya 17 hadi 20 na kimo 21 hadi 24, siku zote. GIF huviweka baiti ya 7 hadi 10. JPEG ndiyo kaidi: faili limekatwa vipande vipande, na programu inabidi iruke kutoka kipande hadi kipande mpaka ikute kinachobeba vipimo. Ikikikuta, kimo kimetangulia upana, kinyume cha wenzake.

Picha za simu zina mtego mwingine. Simu ikishikwa wima, mara nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala, kisha huambatisha alama ya EXIF (maelezo yanayokaa ndani ya faili la picha) ya kusema izungushwe. Vivinjari vya sasa huitii. Programu isiyoisoma itaandika 1200 kwa 900 mahali pa 900 kwa 1200, na nafasi itakayotengwa ni ya picha iliyolala. Vitenge vya dada vilipigwa wima karibu vyote, kwa hiyo kagua kwanza kama programu yako inaisoma alama hiyo.

Picha zikiwa kwenye seva ya mbali, programu itazivuta kwa intaneti, na hapa Uganda bando lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Mimi huiendesha nikiwa na picha zote kwenye kompyuta yangu. Wenye WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, kuanzia toleo la 5.5, hawana haja nayo sana, kwa sababu mfumo wenyewe hujaza vipimo vya picha ulizopakia.

Nakili folda nzima kabla ya kuanza, kwani programu nyingi za aina hii huandika juu ya faili lilelile. Halafu hakikisha CSS yako ina max-width: 100% pamoja na height: auto. Mara ya kwanza nilisahau hiyo ya pili. Upana ukabanwa hadi 360, kimo kikabaki 1200 vilevile, na asubuhi dada akapiga simu kuniuliza ni nani amevivuta vitenge vyake.