Mpira hai na gongo lililozuiwa: maana yake kwenye besiboli

Mwanafunzi wa Moshi au Arusha aliyekulia kwenye soka husubiri filimbi. Besiboli haina filimbi. Mpira ama uko hai ama umekufa, na mwamuzi hutangaza kwa sauti na mikono.

Mpira ukiwa hai, mkimbiaji anaweza kuiba besi (kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa), kuguswa na mpira akatolewa, au kufunga bao. Huwa hai pale mrushaji anapokuwa na mpira mkononi, amekanyaga bamba lake, na mwamuzi aliye nyuma ya mdakaji akasema "cheza". Hufa kwa sababu zinazojulikana: faulo (mpira uliopigwa ukaenda nje ya mistari) isiyodakwa, mpigaji kugongwa na mpira aliorushiwa, mwamuzi kutangaza taimu (kusimamisha mchezo), au mpira kutoka nje. Hapo kwenye kutoka nje ndipo viwanja vyetu visivyo na uzio huleta ugomvi. Chora mstari wa chokaa kabla ya mechi, la sivyo mpira ukiingia kwenye migomba au mfereji kila timu itadai lake. Mpira ukikwaruza gongo ukadakwa moja kwa moja na mdakaji, hiyo si faulo: ni straiki (hesabu dhidi ya mpigaji, tatu humtoa), na mpira bado hai.

Gongo lililozuiwa ni pale mpigaji anapoanza kuzungusha gongo, kisha akajishika. Kanuni rasmi haitoi kipimo cha sentimita wala nyuzi. Swali ni moja tu, alijaribu kupiga au hakujaribu? Kugeuka kwa vifundo vya mikono, au kichwa cha gongo kupita ukingo wa mbele wa bamba la nyumbani (lile la mpigaji), ni dalili za kumsaidia mwamuzi, si sheria.

Mwamuzi mkuu, yule wa nyuma ya mdakaji, akiita boli (mrusho mbaya ambao mpigaji hakujaribu kuupiga; nne humpa besi ya kwanza na kumsogeza mkimbiaji aliyeko hapo), mdakaji au kocha anaweza kuomba amuulize mwamuzi mwenzake wa besi, naye lazima aulize. Akiita straiki, rufaa hiyo haipo. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia huulizwa mwamuzi wa besi ya kwanza, kwa wa kushoto wa besi ya tatu. Waamuzi wakiwa wawili, huulizwa huyo mmoja aliyebaki. Ombi lije kabla ya mrusho unaofuata.

Kosa kubwa ni wachezaji kusimama wakati waamuzi wanaulizana. Mpira uko hai! Chukua boli 3, straiki 2, mkimbiaji yuko besi ya kwanza. Inaitwa boli ya 4, na mkimbiaji anatembea taratibu kwenda ya pili. Rufaa ikirudi "alizungusha", mpigaji ametoka kwa straiki ya 3, na mkimbiaji hana tena haki ya besi ile. Akiguswa kabla hajafika, ametoka pia. Kwa hiyo mdakaji aombe huku akirusha mpira besi ya pili.

Straiki ya 3 isipodakwa, na besi ya kwanza iko wazi au wawili wameshatolewa, mpigaji naye akimbie. Akielekea benchi akavuka duara la udongo linalozunguka bamba la nyumbani, ametoka. Pasipo duara, lichore kwa kamba ya mita 4 kutoka kwenye bamba la nyumbani.

Mwamuzi mkuu amwoneshe mwenzake kwa mkono na kuuliza kwa sauti, "Alizungusha?" Ngumi juu ni ndiyo, mikono iliyotandazwa ni hapana. Asitangaze taimu kabla ya jibu, maana ataua mpira ambao mdakaji na mkimbiaji bado wanaucheza.