DNA haipangi dhahabu kwa sababu ni hai

Wanafunzi wengi wa kemia hapa Kisumu wanaamini DNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi, hupanga chembe ndogo sana za dhahabu kwa sababu ina uhai. Si kweli. Ni molekuli tu, na kinachofanya kazi ni herufi zake, yaani besi zake nne: A hushikana na T, na G hushikana na C.

Mbinu ya kukunja DNA iwe maumbo ya kupangia chembe (origami ya DNA), aliyoionyesha mwanasayansi Paul Rothemund mwaka 2006, hutumia uzi mrefu wa DNA ya kirusi M13, wenye herufi 7,249, na nyuzi fupi zipatazo 200 za kuukunja. Pasha mchanganyiko hadi nyuzijoto 95, kisha upoze polepole. Magnesi, takribani milimoli 12.5 kwa lita, ni lazima: DNA ina chaji hasi, na bila magnesi nyuzi zilizolala sambamba husukumana. Umeme ukipotea katikati, sampuli hupoa haraka na maumbo mengi hukunjika vibaya.

Wengi hukwama kwenye dhahabu. Chumvi ileile ya magnesi hugandanisha chembe tupu, zisizovikwa DNA. Wekundu wake hugeuka zambarau, kisha bluu, na hapo hazirudi tena. Zivike kwanza nyuzi fupi za DNA zenye salfa mwishoni, ukiongeza chumvi kidogo kidogo kwa saa kadhaa, ndipo uzichanganye na umbo lililokwisha kukunjika, ili herufi za nyuzi hizo zishikane na herufi za umbo.