Mzazi ameacha fungu la hisani kwenye wosia: si lazima awe amelaghaiwa

Lalamiko la aina moja limekuwa likiongezeka kwenye dawati letu la mirathi. Wosia unafunguliwa, watoto wanasikia kwamba fungu fulani la mali limekwenda kwa taasisi ya hisani, na wiki haijaisha wanafika kwetu: mzee alilaghaiwa. Wengine husema alikuwa na kinyongo nao. Kila lalamiko tunalipokea na kulichunguza, maana ulaghai upo. Lakini mara nyingi hatukuti laghai wala kinyongo.

Russell James, profesa wa Chuo Kikuu cha Texas Tech nchini Marekani, pamoja na mwenzake Michael O'Boyle, waliwapiga watu picha za ubongo huku wakijibu maswali ya kutoa. Mtu anayewaza kutoa leo na anayewaza kuacha fungu katika wosia hawakulingana. Kwa huyu wa pili ziliamka zaidi sehemu zinazofanya kazi tunapojitazama kama kwa jicho la mtu wa nje na tunapokumbuka maisha yetu kwa picha. Kuandika wosia, kwa maneno mengine, ni kujisimulia. Nchini Uingereza, Claire Routley na Adrian Sargeant waliwahoji watu ambao tayari walikuwa wameacha mafungu ya hisani, na nao wakakuta kwamba chaguo la taasisi limefungamana na historia ya mtu mwenyewe na ya watu aliowapenda.

Ndiyo maana swali la "alitupenda sisi au wao?" halina jibu. Watoto hupewa kwa kuwa ni watoto. Taasisi hupewa kwa kuwa imo ndani ya maisha ya mzazi, pengine katika miaka ambayo hakuwahi kuwasimulia.

Na tuache kusema kwamba haya ni mambo ya matajiri. Uchunguzi wa James kuhusu wazee wa Marekani ulionyesha kwamba kitu kinachotofautisha sana waachao fungu la hisani na wasioacha ni kutokuwa na watoto wala wajukuu. Tena wengi hawaachi kwa sababu tu hawajaulizwa. Katika jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 2013, watu walipiga simu kuandikiwa wosia. Ambao hawakuulizwa chochote kuhusu hisani, asilimia 5 ndio walioacha fungu. Walioulizwa kwa maneno ya kawaida waliongezeka takriban mara mbili. Walioambiwa kwamba wateja wengi hupenda kufanya hivyo, kisha wakaulizwa ni jambo gani linalowagusa, walipita asilimia 15. Kuuliza si kulaghai. Kushinikiza ndiko kosa, na hilo tuletewe.

Kinachotuumiza ni fungu linalopotea kwa uzembe wa karatasi. Mama mmoja alituletea wosia wa marehemu kaka yake kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, wino umefifia kwenye mikunjo. Uliandikwa "kile kituo cha watoto", bila jina. Shahidi alikuwa mmoja. Nia ya marehemu ilionekana wazi kabisa, na hatukuweza kuisaidia.

Andika jina kamili la taasisi na namba yake ya usajili. Taja mbadala, endapo taasisi itafungwa au kuunganishwa na nyingine. Fungu la asilimia ni salama kuliko kiasi maalumu cha fedha, kwa kuwa thamani ya fedha hushuka na ukubwa wa mali hubadilika. Mashahidi wasiwe wanufaika, na hapa sheria haibembelezi: kwa Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837, mashahidi ni wawili, wakiwa pamoja wakati mwenye wosia anaposaini au kuithibitisha saini yake, na shahidi aliyeachiwa kitu hukikosa, hata kama ni mume au mke wake ndiye aliyeachiwa. Wosia wenyewe husimama. Fungu lile ndilo hufa. Usikwaruze wala kujaza juu ya maandishi baada ya saini. Ukibadili nia, andika nyongeza kwa mashahidi vilevile, au wosia mpya unaofuta ule wa zamani.

Mipaka nayo iko. Kwa Waislamu, wasia hauzidi thuluthi ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, isipokuwa warithi waridhie ziada. Huko Uingereza mtoto anaweza kuiomba mahakama impatie matunzo kutoka katika mali, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya binti ambaye mama yake aliachia taasisi za hisani karibu kila kitu, ilirudisha kiwango cha awali cha pauni 50,000 alichopewa binti huyo na mahakama ya kwanza, kabla hakijaongezwa kwenye rufaa, kati ya mali ya pauni 486,000 hivi.

Wapo wanaotuambia kwamba kuandika wosia ni uchuro. Tumewahudumia watu waliobadili wosia wao mara tatu na zaidi, na bado wanakuja. Ukishaandika, mwambie msimamizi wa mirathi nakala halisi iko wapi, na waambie wanao habari za taasisi uliyoichagua na kilichokufikisha kwake. Sisi hatuwezi kuwaeleza.