Alhamisi ni zamu ya kumpeleka bibi

Nafundisha takwimu katika chuo kimoja kusini mwa Texas, karibu na mto Rio Grande unaotutenganisha na Meksiko. Darasani kwangu Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ndio wengi. Muhula wangu wa kwanza nilikuwa na kijana aliyekosa kila Alhamisi. Jumanne yupo, kiti cha mbele, daftari safi, Alhamisi humuoni. Silabasi yangu ilisema ukikosa vipindi vinne unakatwa alama, nami nikamkata. Hakulalamika. Alisema tu, "Sawa, profe," yaani mwalimu kwa Kihispania.

Nilikuja kujua muhula ukiwa ukingoni. Bibi yake figo zimeshindwa, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jumanne na Jumamosi humpeleka shangazi; Alhamisi ni zamu ya kijana. Na si kumpeleka tu. Bibi hajui Kiingereza, kwa hiyo mjukuu ndiye mkalimani: anamsomea uzito kabla na baada ya kusafishwa, anamweleza kwa nini kilo mbili zimeongezeka tangu Jumanne, anamuuliza muuguzi kama potasiamu ya leo imepanda kweli au ni tofauti ya kawaida.

Kama ni tofauti ya kawaida! Hilo ndilo swali ambalo mimi hutumia wiki tatu kulifundisha, kwa mifano ya sarafu na karata.

Muhula uliofuata niliachana na mifano ya sarafu. Nilianza na vipimo vinavyorudiwa: sukari ya damu, uzito, bili ya umeme wakati wa joto. Hatua hiyo haina jipya sana. Mwaka 1992 mtafiti wa elimu Luis Moll na wenzake walichapisha utafiti wao wa Tucson, Arizona, ambako walimu walizitembelea familia za wafanyakazi wenye asili ya Meksiko, wakiwa wameenda kujifunza, si kushtaki watoto. Walikuta ujuzi wa kilimo, uchimbaji madini, ujenzi na dawa za miti, ambao shule ilikuwa haijawahi kuugusa. Wao walifanya kazi na shule za watoto, lakini mtu haachi akiba hiyo getini siku anapoingia chuo.

Jambo la pili lililonishinda ni ofisi. Nilitangaza saa ambazo mwanafunzi yeyote anaweza kuja, nikakaa nikisoma barua pepe. Hawakuja. Wenzangu walisema hawana bidii. Kumbe wengi wamelelewa kwamba mwalimu hasumbuliwi ovyo. Mlango wenye jina na cheo unataka hodi, na hodi inataka sababu. Kihispania kina neno *educación*, ambalo hubeba shule na malezi kwa pamoja. Mtu mwenye shahada tatu anaweza kuitwa *mal educado*, asiye na adabu, kwa kutosalimia wakubwa. Mtoto wa Tanga kama mimi nilipaswa kulijua hilo bila kufundishwa, ila nilipokabidhiwa silabasi nilijifanya Mzungu kuliko Wazungu. Siku hizi kila mwanafunzi ana dakika kumi zake wiki ya pili, ni lazima, na tunakutana mezani kwenye mgahawa wa chuo. Baada ya hapo wanakuja wenyewe.

Chuo nacho kina njia zake. Sheria ya Marekani hukitambua chuo kuwa kinawahudumia Walatino wanapofika angalau asilimia 25 ya wanafunzi wake wa ngazi zilizo kabla ya uzamili. Ni kigezo cha idadi, wala hakisemi nini kinafanyika darasani. Kwa hiyo Mei 5 tunaletewa taco, zile chapati za Kimeksiko zilizokunjiwa nyama, na bendi, kukumbuka vita vya Puebla vya 1862, sikukuu ambayo Marekani inaipigia ngoma kuliko Meksiko yenyewe. Taco ni tamu, sikatai.

Lakini hata mimi niliyejiona nimeelewa nilimwaibisha binti mmoja. Nilimwomba mbele ya wenzake atafsiri tatizo kwa Kihispania, kwa kuona jina lake. Akawa mwekundu. Babu yake alichapwa shuleni, hapa hapa Texas, kwa kuzungumza Kihispania, akaapa kuwalea wanawe kwa Kiingereza. Sasa wiki ya kwanza nauliza kwa karatasi: nyumbani mnazungumza nini, na ungependa kukitumia darasani? Mmoja alijibu: "Nasikia kila kitu, ila nikifungua mdomo shangazi zangu wanacheka mpaka wanakaa chini."