Utu ni nini, na unageuka ubishi saa ngapi?

Neno utu tumelichosha. Ukienda matanga utasikia marehemu alikuwa na utu, mheshimiwa akigawa unga pakiti mbili anaambiwa ana utu, hata konda akikuachia shilingi kumi unamwambia aki wewe una utu. Limekuwa kama kile kipande cha sabuni cha bafu ya ploti, kila mtu ananawa nayo mpaka imebaki kigae. Sasa wacha nijaribu kulieleza vile mimi nalielewa, hasa ule upande watu hawausemi sana, kwamba kuna siku kumtendea mtu utu ni kuibishia serikali, hata kama hujabeba bango na hujawahi kupiga kelele barabarani maisha yako yote.

Neno lenyewe ni rahisi. Mtoto na utoto, mzee na uzee, mtu na utu. Ni ile hali ya kuwa mtu, basi. Ubinadamu ni jirani yake, huo umetoka kwa bin Adamu, mwana wa Adamu, na wenzetu wa Afrika Kusini wanasema ubuntu, mzizi ni ule ule. Lakini sikiliza vile tunaongea. Mtu akifanya unyama tunasema "huyo si mtu", na anapumua vizuri tu, ana kitambulisho, pengine hata ana shamba. Kumbe kwa Kiswahili kuzaliwa peke yake hakutoshi, utu unaonekana kwa vile unamchukulia mwenzako, ukimchukulia kama mtu na wewe unabaki mtu, ukimchukulia kama takataka tunaanza kukuulizia maswali.

Na hapo ndipo siasa inaingia, manake serikali yoyote ikitaka kukanyaga watu huwa inaanza kwa kuwatoa kwa orodha ya watu. Wanapewa majina. Wachochezi, wahuni, vibaraka wa mabwenyenye wa nje. Ukishaitwa hivyo jirani anaogopa hata kukusalimia, na mtu asiyesalimiwa na mtu ni rahisi sana kumbeba usiku.

Nitoe mfano wangu. Tarehe 25 Juni 2024, ile Jumanne ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru, nilikuwa mjini Nairobi, na sitadanganya nilikuwa shujaa, nilikuwa nimeenda tu kuona nikajipata katikati. Wabunge walipitisha mswada, 195 wakasema ndiyo na 106 la, vijana wakaingia bunge, risasi zikalia, na sisi tuliokuwa mbali kidogo tukakimbia bila kujua tunaelekea wapi. Tiagasi ilikuwa nzito hadi sikuwa naona mkono wangu. Nikasikia mtu amenishika kola akanivuta ndani ya eksibisheni moja, zile za viduka vidogo vidogo kama kabati, halafu shata ikateremshwa kwa kishindo. Tulikuwa kama watu kumi na wawili hapo, tumejibana katikati ya viatu vya mitumba. Mwenye duka, mathe wa miaka hamsini na kitu hivi, akanimwagia maji usoni, akaona bado nalia akachukua pakiti ya maziwa yake ya chai akanimwagia nayo (nilikuja kuambiwa baadaye na daktari maji safi yanatosha, maziwa ni imani tu). Na wakati wote huo alikuwa anatugombeza! "Mnatafuta nini huko nje? Mama yenu anajua mko hapa? Mimi hata hiyo maandamano yenu siitaki, mmeniharibia biashara wiki nzima." Karao, yaani polisi, wakapiga shata na rungu, wakauliza kuna nani ndani. Akajibu, "Ni mimi na watoto wangu."

Hayo maneno ndiyo maana ya utu nayotaka uielewe. Hakukubaliana na sisi. Hakutujua. Jioni hiyo hiyo rais alitokea kwa TV akasema kilichotokea ni uhaini, kwa hivyo kwa hesabu ya serikali mathe alikuwa amewafungia wahaini dukani. Yeye alikuwa na hesabu yake, hawa ni watoto, na watoto hawatolewi nje kupigwa. Ukweli sijui kama anajua alifanya siasa siku hiyo. Ukimwambia pengine atakutukana.

Kwa hivyo utu unageuka ubishi saa ngapi? Saa ile kuna amri, ama kuna hofu tu ambayo ni kama amri, inayokuambia huyu usimguse, na wewe unamgusa. Kumpa mtu maji siku ya kawaida ni tabia nzuri. Kumpa maji yule yule wakati karao anaangalia ni jambo lingine kabisa, ingawa maji ni yale yale na chupa ni ile ile.

Siku hizo tuliona mengi ya aina hiyo. Msikiti wa Jamia ulifunguliwa waliojeruhiwa wakahudumiwa, na hakuna aliyeulizwa dini yake mlangoni. Madaktari na wanafunzi wa udaktari walijitolea na glavu zao wenyewe. Mawakili wa Chama cha Wanasheria walizunguka vituo vya polisi usiku kuwatoa watu wasiowajua, bila malipo, na ukijua vile wakili wa Nairobi anapenda malipo utaelewa hiyo si kitu kidogo. Watu wakachangia bili za hospitali kwa simu, hamsini hamsini, mia mia. Wengine walikaa wakatafsiri mswada kwa lugha za nyumbani ili shosho kule kijijini ajue ni ushuru upi unamhusu.

Lakini ile iliyonigusa kuliko zote ni ndogo sana. Tulifundishana kwamba ukikamatwa piga kelele jina lako, majina yote, ili anayesikia alishike alitangaze. Hebu fikiria. Unatembea zako, unaona kijana anasukumwa ndani ya gari lisilo na namba, anapayuka jina lake, na kazi yako wewe usiyemjua ni kulikumbuka tu mpaka ufike mahali pa kuliandika. Unatembea ukilirudia mdomoni kama mtoto aliyetumwa chumvi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliouawa 39 kufikia mwanzo wa Julai, na kuna waliotekwa, na wengine walipatikana kwa sababu kuna mtu alishika jina.

Sasa usichanganye utu na hisani, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Hisani inashuka, kutoka kwa aliye nacho kwenda kwa asiye nacho, na huwa inataka shukrani. Wale wa rika fulani mnakumbuka maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya Rais Moi, yalianza 1979, zile pakiti za pembe tatu, tulikunywa shuleni tukaimba tukamshukuru Baba. Yalikuwa matamu, sikatai. Na kaulimbiu ya Nyayo yenyewe, ile siasa ya Moi, ilikuwa amani, upendo na umoja, maneno matamu kuliko hata maziwa. Wakati huo huo, miaka ya 80, chini ya jengo la Nyayo House kulikuwa na vyumba vya mateso, watu wakilazwa majini gizani kwa kushukiwa tu kuwa na karatasi fulani, na juu yao raia wakifuata shughuli zao za ofisi za serikali. Vyumba hivyo umma ulikuja kufunguliwa 2003. Kwa hivyo mtu wa mamlaka akianza kuniambia tupendane huwa nauliza kwanza, chini ya jengo kuna nini?

Dawa ya hiyo ilitoka kwa akina mama. Tarehe 28 Februari 1992 kina mama wazee, wengi wao wa mashambani, walikuja Nairobi wakaketi Uhuru Park wakasema hawali mpaka wana wao, wafungwa 52 wa kisiasa, waachiliwe. Wangari Maathai, yule mwanaharakati wa mazingira, alikuwa nao, na yeye hakuwa na mtoto wake jela, hilo ndilo huwa nalitafakari. Kilichofuata ni kwamba watu walianza kuja pale pembeni ya bustani, wakasimama mbele za watu wakaeleza vile waliteswa, vitu ambavyo walikuwa hawajawahi kuambia hata mabibi zao. Hofu ilikuwa imewafanya kila mmoja adhani yuko peke yake. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na tiagasi na marungu, Wangari akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya wale mama wakavua nguo mbele ya askari wa umri wa wana wao, na anayejua mila zetu anajua hiyo ni laana ya mwisho kabisa. Kesho yake walikuwa wametawanywa, lakini wakarudi, wakapewa hifadhi Kanisa la All Saints wakakaa karibu mwaka mzima. Kufikia mapema 1993 wafungwa karibu wote walikuwa wametoka.

Kuna rafiki yangu hupinga haya yote, husema utu unapoza hasira, kwamba tukishagawana maji na picha nzuri tunarudi nyumbani tukiwa tumeridhika na mwizi bado ako ofisini. Ana haki kidogo. Maji hayaondoi mswada. Rais alikataa kuutia sahihi 26 Juni kwa sababu watu walikuwa wengi barabarani na damu ilikuwa imemwagika. Ila mimi humuuliza, hao wengi wangesimama aje wiki nzima bila mtu wa kuwaoshea macho na bila shata moja ya kuteremka?

Na karao je, naye ni mtu? Ni mtu. Ndiyo maana alichofanya kina uzito, mbwa hatumpeleki kortini.

Nilirudi kwa yule mathe baada ya kama wiki mbili, vitu vikiwa vimetulia, nimebeba pakiti mbili za maziwa nikijiona mtu wa maana sana. Alikuwa anapanga raba. Hakunikumbuka mpaka nilipoonyesha pale nilipokuwa nimekaa, akacheka, akachukua moja akanirudishia nyingine. "Mimi nilikumwagia moja," akasema, "na ilikuwa imebaki nusu." Halafu akaangalia viatu vyangu akaniambia hivyo vimeisha soli, nikae hapo anitafutie saba na nusu.