Benki za chakula Uingereza: sio kwamba mtu anajiingilia tu anabeba

Kuna watu huku kwetu wanadhani Ulaya hakuna njaa, na wakisikia benki za chakula za Uingereza, yaani vituo vya hisani vinavyowagawia wenye shida chakula bure, wanasema aah hao ni wavivu tu wanapenda vya bure. Jamani hapana. Kwenye vituo vya Trussell, ule muungano wa benki za chakula mkubwa kuliko yote kule, kwa kawaida huendi tu ukabeba, lazima kwanza upate vocha kutoka kwa daktari, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, shule au ofisi za ushauri, yaani mtu anakuhoji shida yako kabisa, ndo unapewa mzigo wa siku 3 hivi, pasta, maharage ya kopo, supu, maziwa ya boksi, majani ya chai, basi. Mboga mbichi ukizikuta una bahati. Na wapo wasioweza kulipia hata gesi ya kupikia, hao wanafungiwa vitu vya kumwagia maji ya moto tu ule.

Mwaka 2023/24 muungano huo uligawa vifurushi vya chakula zaidi ya milioni 3, na wengi tu wanaochukua wanatoka nyumba ambazo kuna mtu anaenda kazini, shida mshahara ukishalipa kodi ya nyumba na bili za umeme hakuna kinachobaki. Mwingine kaachishwa kazi kaomba msaada wa serikali, ule wa Universal Credit, malipo ya kwanza anasubiri wiki 5, akitaka haraka anakopeshwa halafu wanamkata kidogo kidogo, sasa hapo uvivu uko wapi?